Kwa Nini Kuta za Kwa Mabanzi Zimetobolewa Chini

Hilo pande la godoro mlilolisokomeza kwenye tundu la ukuta, ninyi wanachuo wa chumba cha nyuma, nimeliona tangu jana. Mnasema panya. Panya walikuwepo kabla yenu na mkishahitimu watabaki, na vyeti vyenu watavitafuna. Kaeni hapo kwenye ngazi niwaeleze lile tundu lilitoka wapi, maana mlima umekuwa mweusi tangu adhuhuri na mimi sijapenda.

Ulikuwepo wakati mtaa huu wote haukuwa na ukuta hata mmoja. Kule mnakopandia bodaboda kulikuwa na kiwanda cha mbao, na wenye kiwanda walikuwa wakitupa mabanzi, yale maganda ya gogo yanayobaki mbao zikishapasuliwa. Watu waliyaokota, wakayasimika kuzunguka nyua zao, na jina la mtaa likatoka hapo. Uzio wa mabanzi hauzibi kitu. Banzi hili limepinda huku, lenzake limepinda kule, katikati pana upenyo wa kupitisha kibakuli cha chumvi. Ulimwona jirani anapika nini, naye alikuona wewe hupiki. Sisemi ilikuwa raha. Mume na mke wakigombana, ugomvi uliteremka ua hadi ua mpaka mwisho wa mtaa, na kesho yake ukisalimiwa unajua kwamba wanajua.

Maji nayo yalikuwa na njia yao humo humo. Mji wetu uko miguuni pa mlima, na mlima wetu una tabia mbaya: unanyeshewa wenyewe huko juu, huku chini jua linawaka na watu wameanika nguo, halafu unatuletea maji ambayo hatukuyaona yakinyesha. Kwa hiyo kila ua ulikuwa na mfereji, na kila mwanamke alifagia kipande chake. Mfereji uliingia chini ya mabanzi ya huyu, ukatokea kwa yule, hadi chini kabisa, ukamwagikia mtoni.

Nyumba ya juu kuliko zote ilikuwa ya Mzee Dihenga, mshona viatu. Yeye kazi yake aliifanyia uani, uso wake kwa mlima. Akiona weusi, alipaza sauti: "Yaja!" Wa chini yake akaipokea, "Yaja!", na wa chini yake, na wa chini yake. Sauti ilifika kabla ya maji. Tulikuwa tumeshawanyanyua watoto, tumeshaweka unga juu ya kinu, mbuzi kapandishwa barazani. Maji yalipita yakaenda zao, sisi tukarudi kupika. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba ile ni akili. Tuliona ni kelele tu za kila masika.

Aliyeanza ukuta ni Bwana Mapunda, mweka stoo mstaafu, wa nyumba ya chini kabisa. Na kusema haki, alikuwa na sababu. Mtu wa chini hupata cha kila mtu. Povu letu la kufulia lilipita kwake, maganda yetu ya ndizi yalipita kwake, kandambili ya mtoto wa juu, ya mguu mmoja, ilikwama kwake. Akavumilia. Halafu siku moja wakaja washenga kumposa binti yake, watu wazima wenye kanzu na makoti, wakakaribishwa uani penye kivuli. Maneno yako katikati, mfereji ukamletea kuku aliyekufa kwa kideri, kavimba, miguu juu, akapita taratibu mbele ya washenga kama naye alialikwa. Posa ilikubaliwa, lakini Mapunda alikuwa ameshaapa.

Alijenga kwa tofali za saruji, akapiga lipu, akapaka chokaa. Ukuta ukakata ua wake na ua wa juu yake, na hakuacha mahali mfereji upite. Tena hakuishia hapo. Nyuma ya nyua zetu palikuwa na kichochoro kinachoteremka mtaa mzima hadi mtoni. Yeye akanyoosha ukuta ukameza mwisho wa kile kichochoro, apate mahali pa kuweka pikipiki. Wengi hufanya hivyo na wengi hawasemwi.

Watu wakaja kuutazama ule ukuta. Wanawake waliusifia kwa Mapunda, wakarudi nyumbani kuwasema waume zao. Na ukuta unaambukiza kuliko upele. Mwaka haukuisha, mwingine wa huko juu naye akajenga, na wa pili wake, wakaweka na chupa zilizovunjwa huko juu, wakaweka mageti, wakaleta mbwa ambao hata majina hawakuwapa. Kila aliyejenga aliufukia mfereji wake ndani, akayatoa maji yake kichochoroni. Kila mmoja alisema, yakishatoka kwangu nimemaliza. Mzee Dihenga akafa, wanawe wakauza, aliyenunua alijenga ukuta mrefu kuliko wote na hakuwahi kuutazama mlima maisha yake. Neno "Yaja!" likakosa wa kulianzisha, na hata lingeanzishwa, lingemfikia nani?

Akabaki mmoja na mabanzi yake. Huyo alikuwa Bi Mwasiti, nyumba ya juu ya Mapunda, mkaanga vitumbua. Vitumbua havijengi ukuta. Mwanawe alikuwa utingo wa malori, anaonekana akipita. Basi Bi Mwasiti hakununua hata tofali moja, lakini akajikuta ndani ya sanduku. Juu yake ukuta wa jirani, chini yake ukuta wa Mapunda, mbele nyumba yake mwenyewe, ambayo barabara ilishainuliwa kwa kifusi ikawa ukitoka mlangoni unapanda. Upande mmoja tu ulikuwa wazi, wa kichochoroni, wenye mabanzi yaliyooza, na huko ndiko maji ya mtaa mzima yalikotumwa.

Masika ya kwanza ua wake ulishika maji ya kisigino. Akaenda kugonga geti la Mapunda.

"Baba Otmari, jirani yangu," akasema, "niachie tundu kwenye ukuta wako. Dogo tu, la kupita paka."

"Paka wangu anapita getini," Mapunda akajibu.

"Na maji yangu?"

"Hayo si yako. Ni ya hao wa juu. Wafuate."

Akawafuata. Wa juu wakamwambia kwao hakuna maji, na ilikuwa kweli, kwao kulikuwa kukavu kabisa. Akarudi kwa Mapunda mara nyingine, na mara nyingine, na maneno yakaharibika, hadi wakatukanana bombani mbele ya ndoo zetu. Mapunda akamnyooshea kidole: "Siku utakayougusa ukuta wangu, mama vitumbua, nitakuletea balozi wa nyumba kumi akushuhudie!" Bi Mwasiti akamjibu kwamba balozi akija aje na ndoo. Tulicheka. Tulikuwa na kuta zetu, tulicheka.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, na wewe acha simu.

Mwaka uliofuata, masika yakiwa katikati, mke wa yule mwanawe utingo alijifungua. Aliitwa Sikujua, msichana wa watu, mpole. Alikuwa ndani ya arobaini yake, hatoki, amewekwa kwenye chumba cha uani na kitoto chake cha kike. Chumba kile kilikuwa na mlango mmoja unaofunguka kwa nje, na dirisha moja lenye nondo, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa tumeanza kujenga: kila kitu nondo, kila mtu anamwogopa mwizi ambaye hajamwona.

Mchana ule jua lilikuwa kali kama leo. Mimi nilikuwa barazani kwa Balozi Lukoo, nachambua mbaazi na mkewe. Yeye balozi alikuwa amekaa kifua wazi, anajipepea kwa kifuniko cha ndoo. Akatokea Mapunda, mwendo wa haraka, jasho linamtoka, uso umemjaa furaha ya mtu aliyepata alichokuwa akikingojea.

"Balozi, twende. Yule mama ananivunjia ukuta. Mchana kweupe! Anaupiga kwa mchi, nimemsikia mwenyewe, na matusi anatukana."

"Anatukana nini?" balozi akauliza.

"Sikuyashika. Ukuta mnene."

Alilisema hilo kwa majivuno, na mimi nikalisikia, nikaendelea na mbaazi. Balozi akasema mtu hawezi kwenda kushuhudia kifua wazi, ni kazi ya serikali. Akaingia ndani kutafuta shati. Shati likawa halina kifungo. Mkewe akaacha mbaazi, akatafuta sindano, akatafuta uzi, akashona kifungo, Mapunda amesimama anahesabu alivyotukanwa tangu mwaka juzi. Halafu balozi akakumbuka kofia. Kofia ikatafutwa. Mimi nikawafuata nyuma na ungo wangu, maana ugomvi wa bure nani anauacha.

Tulikuwa tumefika barabarani ndipo nikainua macho, nikauona mlima. Sikuuona kilele. Palikuwa na weusi tu, kama mtu kauangushia shuka. Nikasema, "Jamani, mlima." Mapunda hakugeuka. "Mlima unahusiana nini na ukuta wangu?" akasema.

Yaliyotokea upande wa pili tuliyajua baadaye, Bi Mwasiti alipoyasimulia, na aliyasimulia mara moja tu. Maji yalishuka kichochoroni bila tone la mvua. Yakafika kwenye ukuta wa Mapunda uliomeza mwisho wa kichochoro, yakakosa pa kutokea, yakageuka, yakayalaza yale mabanzi mabovu na kuingia kwake yote kwa pamoja. Alikuwa anaosha mchele wa vitumbua. Kabla hajasimama, yalikuwa magotini. Akakimbilia chumba cha uani kuvuta mlango, mlango haukuja. Maji yalikuwa yameuegemea kwa nje kama watu. Sikujua anausukuma kwa ndani, yeye anauvuta kwa nje, na wanaona unazidi kukaza.

Akapita ndani ya nyumba, akatoka barabarani kuita watu. Barabara tupu, jua linawaka, kila mtu nyuma ya geti lake. Akapiga geti la kwanza kwa viganja. Mbwa wakabweka. Akapiga la pili, akapiga kelele hadi sauti ikapasuka, na kutoka ndani mwanamke, ambaye simtaji kwa sababu wajukuu zake wanaishi hapa, akamjibu bila kufungua: "Leo hatuchukui, mama vitumbua!"

Basi akarudi. Sikujua alikuwa amepanda juu ya kitanda, maji yanapanda naye, amekitoa kitoto kwenye dirisha akijaribu kukipitisha. Mwili ulipita, kichwa hakikupita nondoni. Akakirudisha, akakishika juu ya kichwa chake. Hakupiga kelele. Alikuwa akisema tu, "Mama, fanya haraka. Mama, fanya haraka," kama mtu anayechelewa safari. Bi Mwasiti akaokota mchi uliokuwa unaelea, akaenda kwenye ukuta wa Mapunda, akaanza kugonga. Maji yalikuwa kiunoni. Kila alipogonga aliita, "Baba Otmari! Mtoto! Baba Otmari!" Hayo ndiyo matusi aliyoyasikia Mapunda. Hayo ndiyo aliyotoka kuyaletea shahidi.

Tukaingia uani kwa Mapunda. Alituletea na kiti, balozi akae ashuhudie vizuri. Pikipiki imeegeshwa, ua umefagiwa, kukavu hata kuku anaoga vumbi. Ukuta mweupe, mzuri. Balozi akakaa, akatega sikio.

"Mbona sisikii kitu?" akasema.

"Subiri. Alikuwa anagonga."

Tukasubiri. Ile subira ninayo mwilini mpaka leo. Niliuona ukuta kwanza kama umepakwa mafuta. Kwenye kila kiungo cha tofali palikuwa pametoka unyevu, chokaa inabadilika rangi taratibu kutoka chini kwenda juu, na mstari wa rangi ulikuwa umefika kimo cha mtu. Balozi naye akaona. Akasimama, akaweka kiganja. "Mapunda," akasema polepole, "ukuta wako unatoka jasho." Na hapo, nyuma ya ukuta, juu kabisa, pakasikika kilio chembamba cha mtoto mchanga, halafu kikakatika.

Sina haja ya kumpenda Bwana Mapunda. Lakini nitamtolea haki yake: hakuuliza neno. Alichukua sululu, akaupiga ukuta wake mwenyewe, chini kabisa, pale mfereji ulipokuwa ukipita zamani. Tofali zilikuwa nzuri, alizichagua mwenyewe, hazikutaka kuvunjika. Alipiga huku analia, anasema, "Bi Mwasiti, gonga! Gonga nisikie upo!" Hakuna aliyegonga. Balozi akashika jiwe, na shati lake la kifungo kipya, akapiga naye. Mimi nilikuwa nimeshika ungo wa mbaazi, sijui niliushikia nini.

Tofali la kwanza lilitoka kama limetemwa. Maji yakafuata, yakamwangusha Mapunda chali, yakabeba kiti cha ushahidi, yakabeba pikipiki, yakaelekea mtoni yalikokuwa yamezoea. Ukuta ukamomonyoka kuanzia lile tundu, na kwenye tope akatoka Bi Mwasiti, bado kaukumbatia ule mchi uliomzuia asizame, mguu wake mmoja umekaa vibaya.

Hakufa. Naona mnasubiri nimuue. Mguu ulivunjika, ulifungwa, ulipona vibaya, akatembea nao akichechemea hadi alipokufa kwa uzee wake miaka mingi baadaye. Maji yalipopungua ule mlango ulifunguka wenyewe, bila kuvutwa na mtu, na Sikujua tukamkuta amesimama juu ya kitanda, mikono ameinyoosha juu, imekaza. Hatukuweza kumteremsha mikono. Ilibidi mke wa balozi apande kitandani amtoe mtoto kule juu. Maji yalikuwa yamefika kidevuni mwa mama. Mtoto alikuwa amelowa miguu tu, kanyamaza, anatutazama. Ndiye huyo Zena anayewauzia mkaa hapo kona na kuwapunja. Mkimwona anajaza kopo nusu, mvumilieni au msimvumilie, shauri yenu.

Jioni ile Mapunda alikaa mbele ya lile pengo na mabanzi machache mkononi, sijui aliyaokota ya nini. Walimwambia aite fundi azibe. Alimwita fundi kweli, akaujenga ukuta upya, ila chini akaacha tundu, akalipiga lipu ukingoni vizuri kama mdomo wa dirisha, akakifungua na kichochoro. Halafu akamfuata Bi Mwasiti kitandani, mguu umefungwa vijiti.

"Nimekuachia tundu," akasema.

"La kupita paka?"

"La kupita mtu."

Bi Mwasiti hakumsamehe, msidhani. Alimuuzia vitumbua mpaka siku aliyokufa, na kila mara alimchagulia vilivyoungua. Naye alivila.

Wengine wakaanza kutoboa. Hakuna mkutano, hakuna amri. Asubuhi ulisikia patasi upande huu, kesho upande ule. Yule mwanamke wa "leo hatuchukui" alitoboa mwenyewe, kwa mikono yake, mumewe akiwa kazini. Wakaufukua na mfereji. Na kwa kuwa kuta zilibaki na sauti haivuki, wakauiga ule mchi, kila nyumba na wake. Wa juu akiuona mlima umekuwa mweusi, anagonga ukuta wa wa chini yake. Wa chini anagonga wa chini yake. Hadi mwisho.

Basi kuanzia masika yale mpaka haya mnayoyaona, ukuta wa Kwa Mabanzi una tundu chini, hata wa ghorofa, hata wa yule mwenye waya za umeme. Na ukuta ukigongwa hapa, hatuulizi nani anagonga, hatuulizi tuligombana naye lini, na hatuvai shati. Mtaa wa pili wanatucheka, wanasema Kwa Mabanzi wanaume wazima hukimbia na taulo, wanawake na kanga moja, mapovu masikioni. Wacheke. Kulikuwa na kifungo kimoja kilichoshonwa wakati mtoto ananyanyuliwa juu ya kichwa cha mama yake, na waliokishona, na waliokisubiri, walikuwa watu wazuri tu.

Ninachoogopa ni ninyi. Mnahamia, mnahama, mnaweka muziki masikioni, mnaziba kwa godoro. Mlinzi wa lile ghorofa lililo juu kabisa mtaani nilimfundisha mwenyewe kugonga, nikampa na mchi. Wiki hii kabadilishwa. Huyu mpya nimemsalimia jana kupitia geti, akanijibu kwamba bosi hayupo. Sijui kama mchi aliukuta. Sijui kama anajua mlima uko upande gani.

Kwa hiyo nendeni mkalitoe hilo godoro sasa hivi, na mkimaliza mkae karibu na ukuta, msiwashe redio. Ngojeni kwanza. Nyamazeni.

Mmesikia huo ukuta?

Wewe, unarudi ndani kufuata nini? Shati la nini!